Masikio ya Shiro

Nyamasaria, Kisumu
Jumapili, 10 Agosti 2025

Ndugu yangu Sydney,

Pokea salamu za nyumba nzima, za wale wanaokukosa na za yule aliyerithi kitanda chako. Huyo wa pili ni mimi. Mama ni mzima, ila ana yunifomu hamsini za kushona kabla ya shule kufunguliwa na cherehani imeanza kuruka nyuzi, kwa hivyo usishangae ukipata salamu za mkato. Baba bado anakuja Jumamosi na kurudi Awasi Jumapili jioni. Amewaambia walimu wenzake wote kwamba kijana wake ni askari wa misitu, hata kama wewe mwenyewe ulisema mpaka sasa mnalima tu viazi vya kambi.

Mama ameniambia niandike Kiswahili kwa sababu afande wenu hufungua barua na hapendi asichokielewa. Kwa hivyo, afande, kama unasoma, hujambo. Kwa kweli Kiswahili kinanifaa. Kiluo ni cha kuitwa nikaoshe vyombo, Kizungu ni cha kutafuta alama. Mambo mengine ya moyoni sijui ningeyaweka wapi.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Jumatatu baada ya wewe kuondoka, Shiro alikuja hapa. Alitoka Kondele peke yake, asiyeona, na ile fimbo yake nyeupe. Akasimama mlangoni na viatu vyake vya kukimbia, akauliza, "Sydney amerudi kutoka Awasi?"

Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia sufuria. Ni Mama aliyemwambia kwamba hukuenda Awasi, ulienda kambini, na ni miezi tisa bila simu. Shiro akasema tu, "Aa." Akakunja fimbo, akaketi, akanywa chai vikombe viwili. Sydney, miaka miwili umekimbia naye. Mbona ulimwambia unaenda Awasi?

Sijui nilipatwa na nini. Unanijua. Mwalimu akitaja jina langu nasimama, halafu nasahau jinsi ya kuongea. Lakini nilisikia mtu akisema, "Mimi naweza kushika kamba," na mtu huyo alikuwa mimi. Ile kamba fupi Mama aliyowashonea kwa mabaki ya tai za shule, yenye kitanzi kila upande, bado ilikuwa kwenye msumari wako. Shiro akashika kitanzi kimoja, mimi kingine, tukatoka.

Kilomita nne nzima nilisema "shimo" mara tatu na "tuta" mara mbili. Basi. Tulipofika kwenye daraja Shiro akaniuliza, "Debra, uko? Ama nimefungwa kwa mti?"

Nusu marathoni ya Kisumu ni tarehe thelathini Novemba. Kilomita ishirini na moja. Anasema atakimbia hata akifungwa kwa mti. Niambie, wewe ulikuwa unafanyaje?

Dada yako,
Debra


Kambini
31 Agosti 2025

Nyaminwa Debra,

Neno moja la Kiluo, la kukuita dada, afande atanisamehe. Mimi ni mzima. Huku kuna baridi ya kukufanya umkumbuke Mungu. Tunaamka giza likiwa bado zito, tunakimbia na gogo begani, watu sita gogo moja, na mfupi kati yetu halibebi, ananing'inia tu. Mwambie Mama soksi zimefika. Mwambie Baba aache kunitangaza kwanza.

Kuhusu kamba, nimefurahi kuliko nitakavyoandika hapa. Sasa sikiliza. Usiwe kibao cha barabarani, cha kutangaza hatari peke yake. Kuwa redio. Shiro hataki tu kujua shimo liko wapi. Anataka kujua nani amefungua duka, nani amenyolewa vibaya, mbwa wa nani amelala katikati ya njia. Akijua yuko wapi, miguu yake inafunguka yenyewe. Sema hatua sita kabla ya kitu, si ukikifikia.

Na sheria moja ambayo haina mjadala. Ukishindwa kusema, simama. Kinywa kikifunga, miguu ifunge. Yeye atasimama pamoja nawe, hatauliza.

Hapa karatasi tunagawiwa moja moja. Wasalimie watu wote wa Kondele.

Sydney


Nyamasaria
Jumapili, 21 Septemba 2025

Ndugu yangu,

Tunakusalimu. Mama anasema kama soksi zimefika kwa nini hukusema kama zinatosha. Mvua imeanza mapema na nyasi za nyuma ya choo zimefika kiunoni, kazi yako inakungoja. Shule imefunguliwa. Niko nyuma ya Wabwire kwenye maabara ya Kemia, na hilo nimeandika bila sababu yoyote.

Sydney, nimekuwa redio! Sikudhani. Nilianza nikiwa na aibu hata ya Shiro mwenyewe, lakini ukikimbia huwezi kupanga maneno, yanatoka tu. Juzi nilimwambia, "Kuna mama amebeba kabeji kichwani kama kofia ya askofu, na anatembea hivyo hivyo, kama anabariki watu." Shiro alicheka mpaka tukasimama. Akasema, "Debra, wewe una mdomo. Ulikuwa umeuficha wapi?" Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu.

Jumamosi tulifika kilomita kumi na nne kwenye barabara ya Ahero. Mikono yetu sasa inaenda pamoja, wangu wa kulia na wake wa kushoto. Nikiwa peke yangu mkono wangu wa kulia hauna kazi.

Ananiambia mambo. Kumbe ana nafasi ya chuo Machakos, Januari, kusomea kukanda misuli na viungo vya wagonjwa. Mama yake hakutaka. Unamjua Mama Shiro, yeye na duka lake la viazi, mtoto asitoke machoni pake. Walibishana mpaka Mama Shiro akasema, "Haya, maliza hizo kilomita zenu bila kuvunjika, utaenda." Kwa hivyo si mbio tu. Sisi tunakimbilia Machakos.

Fomu tumejaza. Mkimbiaji: Wanjiru (Shiro ni la marafiki). Kiongozi: Debra. Nimepewa fulana ya manjano imeandikwa KIONGOZI mgongoni. Mama aliipunguza mabega, nikajitazama kwenye kioo mpaka akaniuliza kama naoa au naolewa.

Swali langu la Awasi hukulijibu. Shiro hakuulizii tena. Nakukumbusha tu.

Debra


Nyamasaria
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Ndugu yangu,

Hatujambo, isipokuwa Shiro. Juzi Jumamosi tukipita Kondele alianguka ndani ya mtaro. Ni ule wa kando ya steji ya boda boda, kifuniko kilikuwa kimeondolewa. Ameshonwa nyuzi tano kidevuni na mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Hakuvunjika.

Nilisema "mtaro". Nilisema mara mbili. Kulikuwa na kelele, malori yalikuwa yanapita, hakusikia.

Mama anasema ni ajali. Kila mtu anasema ni ajali.

Cherehani imetengenezwa.

Debra


Kambini
19 Oktoba 2025

Nyaminwa,

Nakusalimu, na ninawasalimu wote. Soksi zinatosha. Mguu wangu mmoja una malengelenge lakini hayo ni ya kila mtu. Wiki iliyopita wawili walirudishwa nyumbani.

Barua yako nimeisoma kwenye foleni ya uji, halafu nikaisoma tena. Nyuzi tano! Mpe pole. Au usimpe yangu, mpe yako kwanza.

Kitu kimoja kinanikaa kooni. Siku moja mimi na Shiro tulikuwa pale pale Kondele, malori yakipita hivyo hivyo, akaniambia, "Sydney, kiatu chako cha kulia kimefunguka kamba." Nikaangalia. Kilikuwa kimefunguka. Alisikia ile ncha ya plastiki ikigonga lami. Sasa mtu huyo, unasema mtaro, mara mbili, hatua sita kabla, hasikii? Sikuulizi kitu. Nasema tu vile najua masikio yake.

Kuhusu Awasi. Siku ile tulikuwa tumemaliza kilomita kumi na nane, mara ya kwanza, na alikuwa anaimba. Nilifungua mdomo kusema kambi, ikatoka Awasi. Nikadhani nitamweleza baadaye. Baadaye nikawa huku.

Afande anaita.

Sydney


Nyamasaria
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Sydney,

Nyumbani ni kuzuri. Shule zimefungwa juzi. Baba ameleta mahindi. Naandika haya ya nyumbani kwa sababu barua huanza hivyo, na Mama yuko chumba cha pili.

Sikusema.

Sikusema mara mbili, sikusema hata mara moja. Nitakueleza yote, na afande asome kama anataka.

Tulikuwa tumetoka vizuri. Tulipokaribia steji, vijana wa boda boda walikuwa wamejaa, na mmoja akapiga kelele, "Madam! Hiyo mbuzi ni ya kuuza?" Mwingine akasema, "Kaza kamba, itatoroka!" Na mwingine, "Kwani nani anachunga nani hapo?" Shiro alicheka. Amezoea, akawajibu, "Bei yangu hamuiwezi!" Wakashangilia. Mimi ningecheka pia. Lakini Wabwire alikuwa hapo. Jumamosi huwa anaosha pikipiki ya mjomba wake. Alikuwa ameshika kitambaa na alikuwa anatuangalia, na alicheka. Hakusema kitu kibaya. Alicheka tu.

Shingo yangu ikawa moto. Kinywa kikafunga. Nilikumbuka sheria yako, Sydney, usifikiri sikuikumbuka. Lakini kusimama pale ilikuwa ni kusimama mbele yao ili wanitazame vizuri. Nilitaka kupita tu. Na mtaro niliuona. Niliuona hatua sita, niliuona hatua tano, tatu. Nilikuwa nangoja sauti ije, kama mtu anayengoja chafya, nayo haiji. Halafu mimi mwenyewe nikaukwepa.

Kamba ilinivuta mkono. Sitaandika sauti niliyosikia.

Wale vijana wote wakaruka. Yule wa mbuzi ndiye aliyevua shati lake akamshikia kidevu. Shiro alikuwa amekaa kwenye ukingo, damu imefika shingoni, akauliza, "Debra, ulisema?"

Nikajibu, "Nilisema. Mtaro. Mara mbili."

Hiyo mara mbili sijui ilitoka wapi. Kama ningesema tu "nilisema", pengine ningerudi nyuma. Unajua alinijibu nini? "Pole, Debra. Sikusikia. Nimeharibu mazoezi yako." Yeye ndiye aliniambia pole.

Ningekuwa nimeharibu kidevu peke yake, kidevu kimepona. Sasa hivi Shiro haamini masikio yake. Ukimwambia kitu anauliza, "Umesema?" Ukirudia anauliza tena. Mama yake alimpeleka kwa daktari wa masikio, wakamvalisha vile vitu vya kichwani, daktari akasema masikio ni mazuri kabisa. Shiro akasema labda siku hiyo mashine ndiyo haikusikia. Barabara ya mbele ya duka lao, ambayo amevuka tangu akiwa darasa la tano, havuki tena. Fimbo iko nyuma ya mlango. Kutwa anakaa ndani akichagua viazi, vizima huku, vilivyooza kwenye ndoo.

Na Machakos imekwisha. Mama Shiro alisema, "Kama hasikii mtu aliye kando yake Kondele, Machakos atamsikia nani?" Shiro akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeketi hapo. Nilikuwa nimemletea ndizi.

Nikimwambia atanichukia, na sina rafiki mwingine, wewe unajua sina. Nisipomwambia atakaa na zile ndoo maisha yake yote akidhani anakuwa kiziwi juu ya upofu. Nijibu haraka, hata mstari mmoja.

Debra


Kambini
5 Novemba 2025

Dada yangu Debra,

Salamu. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imeanza kukatika kwenye mkunjo. Sikuchukii. Nikuulize, nani kati yetu ni wa kumrushia mwingine jiwe?

Ushauri wangu ni huu. Usimwambie sasa. Ngoja. Zimebaki siku ishirini na tano tu. Mbembeleze arudi kwenye kamba, mkimbie polepole, amalize, mama yake aone kwa macho yake. Akishamaliza masikio yatarudi yenyewe, na Machakos itarudi. Halafu baadaye, mkiwa mnacheka, unaweza kumwambia kidogo kidogo. Ukimwambia leo utamwondolea kiongozi na mbio kwa siku moja. Mimi ni mkubwa wako, nimeona kwamba ukweli una wakati wake.

Nilianza kumwandikia Shiro ukurasa. Nimeuchana. Nitaandika mwingine.

Usimwambie Mama habari ya mguu wangu.

Sydney


Nyamasaria
Jumatano, 3 Desemba 2025

Ndugu yangu Sydney,

Tunakusalimu sote. Habari ya mguu hukuniandikia, uliandika malengelenge tu, kwa hivyo sijui ni nini ambacho sipaswi kumwambia Mama. Usipomwambia wewe kabla ya Krismasi, nitamwambia mimi kwamba kuna kitu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Nilikuwa nimeshamwambia Shiro tarehe nane. Nilikungoja wiki mbili kasoro siku moja, kila siku nikipita posta, halafu nikashindwa. Na baada ya kuisoma nilishukuru posta kwa kuchelewa. Usikasirike.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku yetu ya kukimbia. Nilienda dukani kwao. Shiro alikuwa juu ya gunia, anachagua viazi. Mama Shiro alikuwa kwenye mizani na wateja watatu. Nikachuchumaa karibu na Shiro nikasema kwa ile sauti yangu.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema sikusema."

"Sijakusikia. Paza sauti, Debra, unajua masikio yangu."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje basi, na ndivyo yalivyo?"

Ikabidi. Nilisimama nikapiga kelele, mbele ya hao wote. "Sikusema mtaro! Sikusema hata mara moja! Niliuona nikanyamaza, halafu nikakudanganya!"

Mizani ilikuwa inalia, ikaacha kulia. Mama Shiro akasema, "Wee mtoto!" na akaanza kuja.

"Mama, ngoja," Shiro akasema. Alikuwa bado ameshika kiazi. "Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu gani? Ya kuonekana na mimi?"

Sydney, nilitaka kusema hapana. Hapana ilikuwa mdomoni. Nikasema, "Mimi huona aibu ya kuonekana siku zote, hata peke yangu. Lakini siku hiyo, ndiyo, ilikuwa ni na wewe."

Aliweka kiazi chini. Akafuta mikono kwenye leso, akaenda nyuma ya mlango akachukua fimbo, akatoka nje. Mama yake akamfuata mbio akiita, "Wanjiru! Barabara! Wanjiru!" Shiro akasimama kwenye ukingo wa lami, kichwa kimeinama upande mmoja. Akakaa hapo muda mrefu sana. Halafu akavuka. Akafika ng'ambo, akageuka, akangoja tena, akavuka kurudi. Mama yake alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Shiro akasema, "Pikipiki nne, mkokoteni mmoja, na lori ambalo breki zake zimekwisha." Halafu akanielekea mimi. "Mwezi mzima nimelala nikijiuliza nitaishije bila macho na bila masikio. Mwezi mzima, Debra. Na ulikuwa unaniletea ndizi."

Nikamsogelea.

"Kamba iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwangu. Nikampa.

"Sasa nenda."

Nilimwambia Mama usiku huo huo. Nilidhani atanipiga. Aliondoa mguu kwenye cherehani, akaniangalia, akasema, "Hiyo fulana ya kiongozi uifue, uipige pasi, uipeleke wewe mwenyewe. Usitume mtu." Nikaipeleka. Aliyeipokea ni Oketch, mwalimu wa kwaya ya kanisani kwao, mtu mkimya aliyewahi kukimbia mbio ndefu. Mabega yalimbana kwa sababu yalikuwa yameshapunguzwa. Wiki tatu niliwaona wakipita hapa kwetu asubuhi, nami nikiwa nyuma ya pazia.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilijaribu kukimbia peke yangu. Nilifika darajani nikarudi. Nilikuwa nasema kila kitu ninachokiona, kwa sauti, na hakuna wa kusikia.

Siku ya mbio nilienda. Sikualikwa. Nilisimama karibu na mwisho, penye kona ya mwisho, katikati ya watu na vuvuzela. Wa kwanza walipita kama wamefukuzwa. Halafu wengi, halafu wachache. Saa mbili tangu waanze zikapita. Mama Shiro alikuwa ng'ambo ya kamba za uzio, amevaa kofia ya kanisani, haniangalii. Saa ya mbio ilipofika saa mbili na dakika kumi na tisa nikamwona Oketch, na Shiro kando yake, kidevu juu, uso umekuwa wa kijivu. Alikuwa anachechemea. Alikuwa anataka kusimama, naujua mguu wake ukitaka kusimama.

Hakuna mtu aliyeniomba. Nilipanda juu ya kreti la soda la mtu nikapiga kelele mpaka mshipa ukanisimama, "Shiro! Mita mia mbili! Lami tupu! Kona umeimaliza, mama yako yuko kulia kwako, amevaa kofia ya Pasaka na analia! Mita mia mbili!"

Watu walinigeukia. Wote. Waliniangalia nami nikaendelea.

Shiro aligeuza kichwa upande wangu, kidogo tu, katikati ya makelele yote hayo. Hakutabasamu. Alinyoosha hatua. Oketch ikabidi akimbie kumfuata.

Saa mbili, dakika ishirini na moja.

Nilitaka kuondoka baada ya hapo. Lakini Oketch alinifuata, akaniambia, "Anakuita. Mimi naenda kutafuta medali yake." Shiro alikuwa ameketi kwenye jukwaa la mbao, miguu mbele, viatu amevua. Nikasimama hapo.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Umedanganya tena."

"Nini?"

"Hazikuwa mita mia mbili. Nilihesabu hatua. Zilikuwa mia tatu na kitu."

"Nilikadiria vibaya. Haki ya Mungu, Shiro, nilikadiria tu."

"Jifunze kukadiria." Akanywa maji, akajimwagia mengine kichwani. "Usidhani imeisha."

"Sidhani."

"Nikikumbuka zile ndizi bado nataka kukupiga."

"Sawa."

Anaenda Machakos tarehe kumi na mbili Januari. Mama Shiro ameshanunua godoro. Mimi hanisalimii bado, anatikisa kichwa tu, na mimi natikisa changu.

Sasa wewe. Hapo hapo kwenye jukwaa aliniuliza kama umewahi kuandika. Ningeweza kusema barua zinapotea. Nilimwambia ulianza ukurasa ukauchana. Akasema, "Basi angalau alianza." Kwa hivyo anza tena, na safari hii mwandikie yeye, si mimi. Mimi ndiye nitakayemsomea, na nitasoma yote kama ulivyoandika, hata yatakayokuaibisha. Wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu. Lakini ukweli ukiambiwa ungoje wakati wake, kuna mtu anakaa na ndoo ya viazi akiungoja.

Nimalizie. Oketch alichelewa, na Shiro alitaka kwenda kwa mama yake upande ule mwingine. Fimbo ilikuwa kwa Oketch. Akavaa viatu, akasimama, akanyoosha mkono hewani mpaka akapata bega langu. Akalishika kwa nguvu, si kwa upole. Tukaanza kwenda. Watu walikuwa wengi, wengine wa shule yetu, na walikuwa wanatuangalia.

"Kuna ngazi tatu za kushuka," nikasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Nimesikia," Shiro akasema, akashuka.

Dada yako anayekungoja,
Debra